Je, wajua kwa nini msichana wa miaka tisa huchanjwa dhidi ya saratani ya wanawake wazima?

Timu ya chanjo inapofika katika shule ya msingi, iwe Chamwino, Bahi au Kondoa mkoani Dodoma, mzazi mwenye binti wa darasa la nne ana haki ya kushangaa. Mtoto hajavunja ungo, wala hajui mambo ya wanaume. Inakuwaje achomwe sindano ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao kwa kawaida humpata mtu wa umri wa mama yake au bibi yake? Wapo wanaolichukua jambo hilo kama tuhuma dhidi ya malezi yao. Jibu, hata hivyo, halihusiani kabisa na tabia ya binti. Linatokana na namna kirusi chenyewe kinavyoingia mwilini, kinavyojificha na kinavyochukua muda mrefu kabla ya kudhuru.

Kirusi hicho ni HPV, yaani virusi vya papiloma vya binadamu. Aina zake zinazojulikana ni zaidi ya 200, na nyingi hazina madhara makubwa. Baadhi huleta chunjua za vidoleni, nyingine masundosundo sehemu za siri. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Aliyezitambua aina hizo katika uvimbe wa saratani, mwaka 1983 na 1984, ni mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen pamoja na wenzake, na mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

HPV huambukizwa kwa kugusana kwa ngozi na utando laini wakati wa kujamiiana, na ndiyo maana kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa yote. Maambukizi haya ni ya kawaida mno kiasi kwamba watu wengi walioanza kujamiiana huyapata wakati fulani maishani, wakiwemo wake waaminifu waliowahi kuwa na mwanamume mmoja tu. Inafaa jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu aibu ndiyo inayowafanya wanawake wengi wakae na damu isiyo ya kawaida kwa miezi mingi bila kwenda hospitali. Kwa bahati njema, maambukizi tisa kati ya kumi huondolewa na kinga ya mwili yenyewe ndani ya miaka miwili hivi.

Hatari iko katika yale machache yanayobaki. Kirusi hupenya kwenye michubuko midogo isiyoonekana kwa macho na kufika katika seli za tabaka la chini kabisa la utando wa mlango wa kizazi. Humo hakiui seli, hakileti homa wala maumivu, na hakisambai kupitia damu. Kwa hiyo walinzi wa mwili huchelewa kujua kwamba kuna mgeni. Kinapodumu, hutengeneza protini zinazolemaza zile protini za mwili ambazo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika. Seli zenye kasoro zikaanza kuzaana, kwanza kama mabadiliko ya awali yanayotibika kirahisi, na mwishowe kama saratani. Safari hiyo huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, ingawa kwa mwanamke anayeishi na VVU bila matibabu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Mama anayegundulika akiwa na miaka 42, basi, huenda aliambukizwa akiwa binti wa miaka ishirini na kitu.

Chanjo nayo imetengenezwa kwa protini moja tu, ile inayofanya ganda la nje la kirusi. Maganda hayo hujiunga yenyewe na kuwa na umbo la kirusi kamili, lakini ndani hamna vinasaba, kama kibuyu kinachofanana na vingine vyote kwa nje ilhali hakina maziwa. Kirusi hicho cha bandia hakiwezi kuzaliana wala kuambukiza. Kinga ya mwili hukiona, hukikariri umbo, na kutengeneza kingamwili, yaani protini za kukamata vijidudu, nyingi kuliko zile zinazopatikana baada ya maambukizi ya kawaida. Kingamwili hizo hukisubiri kirusi halisi na kukidaka kabla hakijaingia katika seli.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Kingamwili hukidaka kirusi kikiwa nje. Kikishaingia katika seli za tabaka la chini, seli hizo hazionyeshi lile ganda ambalo kingamwili zimefundishwa kulitambua, na chanjo haina uwezo wa kukifukuza. Mkulima wa Kongwa huinua matuta kabla ya mvua za Desemba, si siku korongo lilipokwisha kufurika. Mzazi anayesema binti yake bado mdogo, hajui lolote, ametaja sababu yenyewe ya kumchanja sasa. Tena mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 huitikia chanjo hii kwa nguvu zaidi kuliko mwili wa msichana mkubwa.

Tanzania ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaieneza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili, na tangu Aprili 2024 inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi wa dozi moja ilitoka hapa hapa nchini: katika utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili miaka miwili baadaye. Kwa mkoa kama Dodoma, wenye familia za wafugaji wanaohama na mabinti wanaoacha shule, naliona badiliko hili kuwa kubwa kuliko linavyosemwa, kwa sababu dozi ya pili ndiyo iliyokuwa rahisi kupotea njiani. Msichana asiye shuleni huchanjwa zahanati. Anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya dozi moja, na mhudumu wa afya anapaswa kuelezwa.

Ipo hofu kwamba sindano hii hufunga kizazi. Hofu hiyo haistahili kudharauliwa, maana kwa mzazi uzazi wa binti ni jambo zito. Lakini chanjo haina homoni, haina kirusi hai, na imekuwa ikitumika duniani tangu mwaka 2006 bila kuonekana kusababisha ugumba. Madhara ya kawaida ni maumivu ya bega, homa ndogo au kichwa kuuma. Wengine huzimia kwa woga wa sindano, ndiyo maana huambiwa wakae dakika 15. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe, kwa upasuaji na mionzi. Huko Uskoti, matokeo yaliyotolewa Januari 2024 yalionyesha kwamba hakuna hata mwanamke mmoja, kati ya waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13, aliyekutwa na saratani hii iliyokwisha kusambaa ndani ya mlango wa kizazi.

Chanjo haizuii kila aina ya HPV, na akina mama wa leo wengi hawakuipata. Kwao upo uchunguzi, unaopendekezwa kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Mojawapo ya njia zake ni nyepesi: mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi hafifu ya siki, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye seli zenye kasoro hugeuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Akichelewa, mambo hubadilika. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Dodoma aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, takriban kilomita 450. Mama anayempeleka binti yake kuchanjwa anaweza kuuliza, siku hiyo hiyo, ni kituo gani cha karibu kinachompima yeye.