Kisomo cha Sahihi: Kuhesabu Wasomaji wa Marekani ya Kikoloni

Kisomo cha sahihi ni kipimo wanachokitumia wanahistoria kukadiria idadi ya watu waliojua kusoma zamani, kwa kuangalia katika wosia, hati za ardhi na mikataba ni wangapi walioandika majina yao na wangapi walioweka alama tu, mara nyingi msalaba, kama kwetu asiyejua kuandika anavyoweka dole gumba. Kenneth Lockridge, aliyechambua wosia za New England, yaani makoloni ya Waingereza ya kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, katika utafiti wa mwaka 1974, alikuta kwamba wanaume waliotia sahihi walikuwa karibu asilimia 60 katikati ya karne ya 17, wakafikia karibu asilimia 90 mwishoni mwa karne ya 18, ilhali wanawake hawakuzidi nusu.

Tatizo ni kwamba sisi husema "kusoma na kuandika" kwa pumzi moja, na katika makoloni hayo ya Waingereza yalikuwa masomo mawili yaliyoachana kwa miaka. Mtoto alianzia kwenye kibao cha mbao chenye mpini, kilichobandikwa karatasi moja yenye alfabeti, silabi na sala ya Baba Yetu, nayo ikafunikwa kwa utando mwembamba wa pembe unaopenya mwanga, ili vidole vyake visiichafue. Aliyemfundisha mara nyingi alikuwa mama wa jirani, nyumbani kwake. Kuandika kulifuata baadaye, kwa mwalimu wa kiume, na kulidai wino, karatasi na ustadi wa kuchonga unyoya wa bata bukini uliotumika kama kalamu. Wasichana wengi hawakufikishwa huko, maana kuandika kulihesabiwa kuwa kazi ya wafanyabiashara na makarani. Kwa hiyo mwanamke aliyesoma Biblia yake kila jioni aliweza kabisa kuweka msalaba kwenye hati, na kipimo kikamwandika kuwa hajui kitu.

Watumwa hawakuacha wosia, basi hawamo hata katika hesabu hiyo. Mwaka 1740, baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa mwaka uliotangulia, koloni la South Carolina lilitunga sheria ya kumtoza pauni 100 yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika au kumtumia kama karani. Kusoma hakukutajwa. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi unaozidi huo wa jinsi stadi hizo mbili zilivyotenganishwa: aliyejua kuandika angeweza kujitengenezea hati ya ruhusa ambayo mtumwa alidaiwa kila alipokutwa nje ya shamba la bwana wake.