Maji yaliyotulia kati ya mawimbi

Wengi wanaopanga likizo ya kuteleza kwa ubao Malindi msimu wa kusi, yaani upepo wa kusini, huamini kwamba pale mawimbi yasipovunjika ndipo pa kuingilia salama. Inaeleweka, kwani macho hupenda shwari. Lakini maji yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi, na mara nyingi hurudi kwa mkondo mwembamba uliochimba mchanga. Penye kina wimbi halivunjiki; ndiyo maana panaonekana pametulia, kumbe maji yanavuta kuelekea kilindini.

Sehemu kubwa ya Ghuba ya Malindi haikukingwa na matumbawe, hivyo mawimbi ya kusi hufika hadi mchangani, na mikondo ya namna hiyo huweza kutokea.

Unaweza kujionea mwenyewe. Simama palipoinuka kwa dakika 10, utazame povu na maji yenye mchanga yanaelekea wapi. Au tupa kumbi la nazi: likitoka moja kwa moja nje, tafadhali usiingie hapo, na mtoto usimruhusu kabisa. Waulize wavuvi, hasa maji yakipwa.

Ukishikwa, usishindane na mkondo. Elea, pumua, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka ufike mawimbi yanapovunjika, yakurudishe. Ukichoka, inua mkono uite.