Notisi ya marekebisho: halmashauri za England zinavyosimamia ving'ora vya kaboni monoksidi majumbani

Wapangaji wengi wa England wamesikia kwamba mwenye nyumba asiyeweka king'ora cha kaboni monoksidi anaweza kutozwa hadi pauni 5,000. Ni kweli, ila kuna hatua moja katikati ambayo watu hawaijui. Mwenye nyumba anaweza kukaa miaka bila king'ora na asitozwe hata senti. Kinachomtoa pesa ni kupuuza barua ya halmashauri inayomtaka akiweke. Barua hiyo ndiyo notisi ya marekebisho, na kanuni nzima imening'inia hapo.

Kwanza hewa yenyewe, maana jina lake linachanganya. Hewa ukaa tunayoisikia kwenye habari za tabianchi ni kaboni dayoksidi, ile tunayoitoa kila tunapopumua. Kaboni monoksidi ni nyingine. Hii hutokea gesi, kuni, makaa au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha: boila (mtambo wa kupasha joto maji na nyumba) isiyofanyiwa matengenezo, dohani iliyozibwa na kiota cha ndege, moto wa makaa kwenye chumba kilichofungwa. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikifika kwenye damu hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei, hivyo mtu anapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Mwezi wa Januari mtu akiona hayo anasema ni mafua. Anafunga madirisha, anajifunika blanketi, anapandisha joto la boila ileile inayomuua.

Kwa hiyo pua haisaidii, na ndiyo maana sheria ikaingilia kati.

Kanuni za ving'ora vya moshi na kaboni monoksidi za England zilianza kutumika Oktoba 1, 2015. Mwanzoni zilikuwa na tundu kubwa: king'ora cha kaboni monoksidi kilidaiwa tu kwenye chumba chenye kifaa kinachochoma kuni au makaa, ilhali nyumba nyingi za huko hupashwa joto kwa boila ya gesi. Tundu hilo lilizibwa Oktoba 1, 2022. Tangu siku hiyo, kila chumba cha makazi chenye kifaa cha kuchoma nishati kilichofungwa mahali pake, iwe boila ya gesi, ya mafuta au jiko la kuni la ukutani, lazima kiwe na king'ora. Nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi ya jamii, zilizokuwa nje ya kanuni hizi, nazo zikaingizwa. Likaongezwa pia jukumu la kutengeneza au kubadilisha king'ora pale mwenye nyumba anapoarifiwa kwamba kimeharibika.

Bafu na choo vinahesabiwa kuwa vyumba vya makazi kwa ajili ya kanuni hii. Korido na sehemu ya juu ya ngazi pia. Boila iliyofichwa bafuni haimpi mwenye nyumba pa kujificha. Kilichoachwa nje ni jiko la gesi la kupikia. Nyumba yenye jiko hilo peke yake, bila boila wala kifaa kingine kinachochoma, haidaiwi king'ora cha kaboni monoksidi. Mimi naona hapo waliotunga kanuni walilegeza kamba, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Neno dogo kuhusu mipaka, kwa sababu Kiswahili kinasema "Uingereza" kikimaanisha nchi zote nne kwa mkupuo. Ninayoyaeleza hapa ni ya England peke yake. Wales ina sheria yake ya upangaji, iliyoanza Desemba 2022. Uskoti imekwenda mbali zaidi: tangu Februari 2022 king'ora kinatakiwa kwenye kila nyumba yenye kifaa cha kuchoma nishati, hata ile anayokaa mwenyewe aliyeinunua. England mtu anayekaa kwenye nyumba yake mwenyewe hafuatwi na kanuni hizi hata kidogo.

Sasa notisi. Chukua nyumba moja ya kupanga, vyumba viwili vya kulala, boila ya gesi ndani ya kabati la jikoni. Mpangaji alipohamia, wakala alimpitisha harakaharaka kwenye orodha ya vitu: pazia, kapeti, funguo mbili. Kisheria siku hiyo ya kwanza ya mkataba ndiyo mwenye nyumba, au mtu wake, anatakiwa kubonyeza kitufe cha king'ora na kuhakikisha kinalia. Hakuna kilichobonyezwa, kwa sababu hakuna kilichokuwepo. Mpangaji anapiga picha ya boila na ukuta mtupu, anamwandikia mwenye nyumba. Kimya. Wiki mbili baadaye anaiandikia halmashauri, kitengo cha nyumba za kupanga, anaambatisha picha na ule ujumbe wake wa kwanza.

Hapa maneno ya kanuni yana uzito. Halmashauri ikiwa na "sababu za msingi" za kuamini kwamba mwenye nyumba amevunja kanuni, inalazimika kutoa notisi. Haina hiari ya kulitupa faili kapuni. Na haihitaji kwanza kuthibitisha kama mahakamani. Malalamiko yenye picha yanaweza kutosha. Notisi inatakiwa iwe imetolewa ndani ya siku 21 tangu halmashauri iwe na sababu hizo. Inataja nyumba, inataja jukumu lililokiukwa, inaeleza kinachotakiwa kufanyika, na inampa mwenye nyumba siku 28. Ndani ya siku hizo anaweza pia kuandika utetezi wake.

Wengi huishia hapo. King'ora kizuri hakizidi pauni 30, kinafungwa kwa skrubu mbili, na mwenye nyumba akishaona karatasi yenye nembo ya halmashauri hukumbuka ghafla kwamba alikuwa anapanga kuja. Akiweka, habari imekwisha. Hakuna tozo, hata kama nyumba ilikaa miaka mitano bila kitu.

Asipoweka, mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kazi yenyewe: halmashauri inatakiwa kutuma mtu wake akafunge king'ora, mradi mpangaji ameridhia, na ndani ya siku 28 tangu iridhike kwamba notisi haikutekelezwa. Mpangaji anaarifiwa saa 48 kabla, na ana haki ya kuona kitambulisho cha anayebisha hodi. La pili ni tozo ya hadi pauni 5,000. Kila halmashauri lazima iwe imechapisha msingi inaotumia kupanga viwango vyake, ndiyo maana kosa lilelile linaweza kugharimu tofauti ukivuka barabara na kuingia wilaya nyingine. Mwenye nyumba anaweza kuomba halmashauri ilitazame upya shauri, na asiporidhika anakwenda kwenye baraza la kisheria la masuala ya nyumba. Msomaji wa Tanzania alifikirie kama Baraza la Ardhi na Nyumba, si mahakama ya jinai.

Ana pia kinga moja halali. Akionyesha kwamba alichukua kila hatua ya maana, bila kulazimika kwenda mahakamani, hahesabiwi kuwa amevunja kanuni. Mpangaji aliyemfungia fundi mlango mara tatu hawezi baadaye kulalamika kwamba hakuna king'ora, hasa kama ile miadi mitatu ya fundi imo kwenye simu ya mwenye nyumba.

Piga hesabu ya siku hizo: 21 za kutoa notisi, 28 za mwenye nyumba, 28 za halmashauri kufanya kazi. Jumla 77. Ni wiki kumi na moja, na hapo kila mtu amefuata sheria na hakuna aliyechelewa. Ukilalamika mwanzoni mwa Novemba, king'ora kinaweza kufika katikati ya Januari, boila imeunguruma msimu mzima wa baridi. Ndiyo maana mtu mwenye uzoefu atakwambia lalamika leo na ununue cha kwako kesho. Pauni hizo zinauma, najua, na haki yako inabaki palepale kwa sababu jukumu la kisheria ni la mwenye nyumba.

Unaponunua, angalia alama ya kiwango EN 50291 kwenye boksi. Kiwango hicho ndicho kinachoamua kifaa kilie lini. Hewa ikiwa na chembe 50 za kaboni monoksidi kwa kila milioni, king'ora kinatakiwa kulia baada ya dakika 60 hadi 90. Zikifika 100, ndani ya dakika 10 hadi 40. Zikifika 300, ndani ya dakika tatu. Hakipigi kelele papo hapo kwa kila chembe, kwa sababu kinachoumiza ni kiasi pamoja na muda. Hukaa juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima, mita moja hadi tatu kutoka kwenye boila. Mlio mfupi wa mara mojamoja, unaokera usiku wa manane, kwa kawaida ni betri au kifaa kuzeeka. Watu huking'oa na kukitia kwenye droo. Hapo ndipo lile jukumu la kubadilisha lililoongezwa 2022 linapokuwa na maana: badilisha betri, kikigoma, mwandikie mwenye nyumba, na tarehe ya ujumbe wako ndiyo itakayomfunga.

Kuna watu ambao notisi hii haiwafikii, na baadhi yao ni jamaa zetu. Aliyepewa chumba na familia, akatumia jiko na bafu pamoja na mwenye nyumba anayeishi humohumo, yuko nje ya kanuni hizi. Mabweni ya wanafunzi na nyumba za kulelea wazee pia ziko nje, zina taratibu zao. Nyumba wanazopanga watu wengi wasio wa familia moja na zinazohitaji leseni zinadaiwa king'ora kupitia masharti ya leseni, na huko adhabu ni nzito zaidi.

Halafu kuna jiko la mkaa. Kanuni inasema kifaa "kilichofungwa mahali pake". Jiko la kubebeka, lile la kuchomea nyama lililoingizwa ndani mvua ilipoanza, au lililowekwa chumbani kupasha joto kadi ya gesi ilipoisha salio, halimo. Kila aliyekulia Limuru au Njombe anajua onyo la kutolala na jiko chumbani. Nyumba za England zimezibwa upepo kuliko za kwetu, madirisha ya vioo viwili na mpira pembeni, na jiko lile ni hatari zaidi humo. Afisa wa halmashauri hawezi kumwandikia mwenye nyumba notisi kwa sababu ya jiko lako.

Usimamizi unaotegemea malalamiko si njia pekee duniani. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria yake baada ya mtoto wa miaka saba kufariki Plymouth mwaka 2005, theluji ilipoziba tundu la kutolea moshi. Huko nyumba haiuzwi mpaka idara ya zimamoto ya mji ije, ikague ving'ora na kutoa cheti. Afisa anafika bila mtu kulalamika, kwa kuwa muuzaji mwenyewe anamhitaji. Udhaifu wake ni kwamba nyumba isiyouzwa miaka 30 inaweza isikaguliwe kwa njia hiyo miaka 30. England inamtegemea mpangaji, na mpangaji mwenye wasiwasi wa kuambiwa ahame hunyamaza. Maafisa wenyewe hugundua mengi wakiwa wamekuja kwa shida nyingine: ukungu ukutani, paa linalovuja, watu wanane chumba kimoja.

Mpaka mwingine unaochanganya watu ni kati ya king'ora na boila. Notisi ya marekebisho inashughulikia king'ora tu. Ukaguzi wa gesi wa kila mwaka, unaofanywa na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, uko chini ya kanuni za mwaka 1998 na unasimamiwa na mamlaka ya taifa ya afya na usalama. Boila yenyewe ikiwa inavujisha, halmashauri ina silaha nyingine: chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004 kaboni monoksidi ni mojawapo ya hatari 29 zinazopimwa ndani ya nyumba, na ikifikia daraja la kwanza, lile la hatari kubwa zaidi, halmashauri lazima ichukue hatua, pamoja na hatua za dharura zisizosubiri siku 28 za mtu.

Na king'ora kikilia kweli, halmashauri si ya kupigiwa. Zima kifaa kama kipo karibu, fungua milango, toka na kila mtu, kisha piga 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi, saa 24. Kwa aliyezimia piga 999, namba ya dharura ya kuita ambulensi. Kichwa kikiacha kuuma ukiwa nje barabarani, mwambie daktari hivyohivyo ulivyoona, na umwombe apime damu mapema, kwa sababu kila saa unayopumua hewa safi inapunguza ushahidi uliomo mwilini.