Eti hesabu za nyota zilianza na Wagiriki?

Hii ya kusema Wagiriki ndo walianzisha hesabu za nyota na Wababeli walikuwa wapiga ramli tu, hapana aisee. Kweli walisoma anga kumtafutia mfalme ishara, ila hesabu zilikuwa za maana. Ptolemy mwenyewe, mtaalamu wa nyota, Mgiriki wa Alexandria, alitumia rekodi ya mwezi kupatwa iliyoandikwa Babeli mwaka 721 KK, sasa kama walikuwa wanabahatisha angeichukua ya nini? Walijua kupatwa kunajirudia baada ya miezi mwandamo 223, yaani miaka 18 na siku kama 11, na wastani wa mwezi mmoja waliupata siku 29.53059, tofauti yake na wa leo haifiki hata sekunde moja!

Halafu kuna vibao vyao vya udongo viko British Museum, vya kati ya 350 na 50 KK, mwaka 2016 mwanahistoria wa sayansi Mathieu Ossendrijver akaonyesha kwamba walipata umbali uliosafiriwa na Mshtarii (Jupiter) kwa kukokotoa eneo la trapeza (umbo la pande nne, mbili zikiwa sambamba) linalotokana na muda na kasi, bila kuchora grafu yoyote, namba tupu, na mbinu hiyo watu walidhani imeanza Ulaya karne ya 14.

Wagiriki nao walileta lao, jiometri ya mizunguko, hilo hawanyimwi.