Wastani wa umri wa kuishi: kwa nini unapishana kwa rangi ya ngozi

Mwaka 2019, kabla korona haijavuruga hesabu za vifo, Mzungu aliyezaliwa Marekani alitarajiwa kuishi miaka 78.8 na Mmarekani Mweusi miaka 74.8. Mwaka 2021, korona ikiwa imeshapita na watu wengi, Mzungu alikuwa kwenye 76.7 na Mweusi kwenye 71.2. Wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwapo kabla meli za Ulaya hazijatia nanga, walishuka hadi 65.6. Hapo wanakaribiana na wastani wetu Watanzania, ilhali wanaishi katika nchi inayotumia fedha nyingi kuliko zote duniani kwa matibabu.

Tuanze na namba yenyewe, maana husomwa vibaya sana. Wastani wa umri wa kuishi si umri ambao watu wengi hufia. Chukua watoto kumi waliozaliwa Temeke siku moja. Wawili wanafariki wakiwa wachanga, wanane wanafika miaka 75. Jumlisha miaka yao, gawanya kwa kumi, unapata 60. Hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 60. Ndiyo maana vikongwe wa miaka 80 walikuwapo hata enzi ambazo wastani haukufika 50: vifo vya watoto ndivyo vilivyokuwa vikiushusha. Kwetu, kwa mujibu wa utafiti wa afya wa 2015–16, watoto 67 kati ya kila 1,000 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Punguzo hilo pekee linapandisha wastani wa taifa bila mzee yeyote kuongezewa siku.

Tena hesabu hii hutumia viwango vya vifo vya mwaka husika, kana kwamba mtoto wa leo ataishi maisha yake yote katika hali ya mwaka huo. Kwa hiyo inapima hali ya maisha ya watu kwa wakati ule. Haimtabirii mtu siku yake ya kufa.

Sasa suala la rangi. Wengi hukimbilia kusema ni damu, kwamba watu weusi wameumbwa na magonjwa yao. Nalikataa jambo hilo, na sababu ninayo. Mwaka 1900 Wamarekani Weusi walitarajiwa kuishi miaka 33, Wazungu karibu 48. Pengo la miaka 15 hivi lilipungua hadi minne kufikia 2019, katika muda wa vizazi vichache, na vinasaba vya watu havibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni maji, chanjo, kipato na milango ya hospitali. Mwaka 1966 serikali ya Marekani ilipoanza kulipia matibabu ya wazee, hospitali iliyotaka fedha hizo ililazimika kuacha kuwatenga wagonjwa kwa rangi. Majimbo ya kusini yakaona vifo vya watoto wachanga Weusi vikishuka haraka. Na wahamiaji waliotoka Afrika, wenye ngozi ileile, kwa wastani huishi muda mrefu kuliko Wamarekani Weusi waliozaliwa kule.

Najua swali linalofuata: na selimundu (sickle cell) je? Selimundu ni ya kurithi kweli, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazopata watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo kila mwaka. Lakini ramani yake hufuata malaria, si rangi. Ipo India, Uarabuni na hata Ugiriki, kwa sababu aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Haitoshi hata kidogo kueleza pengo la miaka minne.

Linaloeleza zaidi ni mahali mtu alipowekwa aishi. Miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kukopesha. Mitaa ya Weusi karibu yote iliangukia humo. Bila mkopo hakuna nyumba ya kurithisha. Barabara kuu na viwanda vikapelekwa huko, na mpaka leo mingi ya mitaa hiyo ina miti michache na joto kali kuliko mingine. Chicago, uchambuzi uliotolewa 2019 ulionyesha wakazi wa Streeterville, mtaa wa wenye fedha na wengi wao Wazungu, wakitarajiwa kufika 90, na wa Englewood, mtaa wa Weusi, 60. Kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo kama wa Posta hadi Kimara, jijini Dar.

Dar tunalijua jambo hili kwa majina tunayoyatamka kila siku. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zilipangwa na wakoloni kwa sheria za ujenzi, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuitenga Kariakoo na mji wa kati, afya ikitolewa kama kisingizio. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda ile iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi. Mbu hakuwa na habari na mipaka hiyo, lakini mifereji, maji ya bomba na kwinini, dawa ya malaria, viliifuata.

Hata ndani ya hospitali pengo lipo. Kile kifaa kidogo kinachobana kidole kupima oksijeni hutumia mwanga unaopita kwenye ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kwa wagonjwa Weusi kilikosa kuugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu: kinasoma asilimia 94, kumbe damu imeshapungukiwa. Vifaa vya namna hiyo ndivyo vilivyo mezani katika zahanati zetu, na nadhani kila muuguzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Kikokotoo cha figo nacho, yaani hesabu ya kukadiria figo zinafanya kazi kiasi gani, hadi kiliporekebishwa 2021, kilimwongezea Mweusi alama na kuzifanya figo zake zionekane nzima kuliko zilivyo, hivyo akachelewa kuingia foleni ya kupandikizwa.

Elimu na fedha haviokoi kila kitu. Mwanamke Mweusi wa Marekani mwenye shahada yuko hatarini zaidi kufa kwa uzazi kuliko Mzungu ambaye hakumaliza sekondari. Mtafiti Arline Geronimus alipendekeza mwaka 1992 kwamba msongo wa kubaguliwa miaka nenda miaka rudi huuchakaza mwili kabla ya wakati wake: presha hupanda mapema, na mimba ya miaka 30 hubebwa na mwili uliochoka. Mimi maelezo hayo yananiingia.

Hapa kwetu sensa iliacha kuuliza kabila na asili baada ya 1967, kwa hiyo pengo la namna hii hatulipimi kwa rangi. Takwimu zetu huuliza mkoa, mjini au kijijini, elimu ya mama na hali ya kipato. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, wilaya ya Dar yenye Masaki ya matajiri na Tandale ya watu wa kipato cha chini pamoja. Wastani wa wilaya nzima hauwezi kukuonyesha tofauti ya sehemu hizo mbili. Mpaka uhesabu mtaa kwa mtaa.