Presha na figo: kazi ya Profesa Arthur Guyton

Mtu akiambiwa ana presha, mkono huenda kifuani. Daktari anapoandika vipimo vya mkojo na figo, mgonjwa hushangaa: figo zimeingiaje hapa? Kulijibu swali hilo kulimchukua Profesa Arthur Guyton sehemu kubwa ya maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1919 huko Oxford, jimbo la Mississippi, Marekani, akatamani kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946, akiwa mafunzoni Boston, alipatwa na polio. Mguu wa kulia, mkono wa kushoto na mabega vikapooza, na upasuaji ukawa umemtoka. Akarudi kwao kufundisha fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, akaiongoza idara hiyo katika Chuo Kikuu cha Mississippi kuanzia 1948 hadi 1989. Wanafunzi wetu wa udaktari wanamjua kwa kile kitabu chake kinene. Utafiti wake hawaujui sana.

Enzi hizo wengi waliamini kwamba presha ya kudumu huletwa na mishipa iliyobana au moyo unaosukuma kwa nguvu mno. Guyton aliona pengo. Presha ikipanda, figo hutoa chumvi na maji mengi zaidi kwenye mkojo. Ujazo wa damu hupungua, na presha hushuka. Kwa hiyo figo zenye afya zingeirudisha presha mahali pake hata mishipa ikiwa imebana. Ikibaki juu kwa miaka, basi figo zenyewe zimebadilika: zinahitaji presha kubwa ili zitoe chumvi ileile ziliyokuwa zikiitoa kwa presha ndogo. Mwaka 1972, yeye na wenzake Thomas Coleman na Harris Granger walichapisha modeli ya kompyuta, yaani mfano wa kimahesabu, yenye mamia ya milinganyo ya mzunguko wa damu. Wapo wanaompinga hadi leo, wakisema mishipa ya damu na ya fahamu ameipunja. Mimi naona hoja ya figo bado imesimama.

Ndiyo maana tunawasihi mpunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, haifiki kijiko cha chai kilichojaa, pamoja na iliyomo kwenye mkate na ng'onda.

Na ndiyo maana tunatoa dawa ya kukojosha. Mama mmoja aliiacha. "Inaniamsha usiku, daktari," alisema, huku ameshika pakiti iliyobaki vidonge vingi. Nilimweleza kwamba ile safari ya msalani ndiyo chumvi inayotoka. Tukahamishia kidonge asubuhi, baada ya chai, naye akaendelea nacho.