Kuhamisha kaseti za VHS kwenye DVD hapa Goma: anza na kaseti, kompyuta baadaye

Mtu akiamua kuokoa kaseti za familia, swali lake la kwanza huwa ni programu gani atumie. Programu ndiyo sehemu nyepesi. Kaseti ya ndoa ya mwaka 1993 iliyolala juu ya kabati miaka yote hii inaweza kukubali kuchezwa vizuri mara moja tu, na mara hiyo lazima ikute deki safi, umeme uliotulia na kompyuta iliyokwisha kupangwa.

Shika kaseti penye mwanga, uchungulie kwenye kidirisha chake. Utepe mzima umejikunja sawasawa na ukingo wake ni laini. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo, huo ni ukungu. Kaseti hiyo usiiingize kwenye deki hata kwa kujaribu: unga utashika kwenye vichwa vya kusomea, na kaseti inayofuata itauchukua. Ifungie siku kadhaa katika chombo chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukungu ukishakauka, fungua kaseti nje ya nyumba, jifunike pua na mdomo, ufute utepe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi huku ukiuzungusha polepole.

Sisi wa Goma tuna adui wa pili: vumbi la mawe ya volkano. Ni gumu na lina makali. Punje moja ikinasa kwenye njia ya utepe huchora mstari mrefu, na mstari huo hautoki tena. Kaseti zilizokimbizwa ndani ya mabegi wakati Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 zikague kuliko nyingine zote.

Kufungua kaseti si jambo la kuogopa. Igeuze: chini kuna skrubu 5 za bisibisi ya nyota. Ilaze tena juu ya meza, uinue ganda la juu taratibu, na kabla ya kugusa chochote piga picha kwa simu, maana vispringi na viroli vidogo ndani huruka. Kama utepe umekatika karibu na mwanzo au mwisho, angalia pale unapoingia kwenye gurudumu: umebanwa na kipande kidogo cha plastiki. Kichomoe, rudisha ncha mahali pake, ukibane tena. Ile sehemu ya utepe inayopitisha mwanga mwanzoni na mwishoni usiikate yote, kwa sababu deki huitambua kwa taa na ndipo hujua isimame. Utepe ukikatika katikati, uunganishe kwa gundi-tepu ya kuungia utepe wa video, na uibandike upande wa mgongo. Gundi-tepu ya kawaida ya ofisini hutoa gundi pembeni, na gundi hiyo huishia kwenye vichwa.

Kaseti ikiwa salama, vunja kile kipande cha plastiki kwenye mgongo wake ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo bila kuicheza, utepe upate kujikunja upya kwa mvuto ulio sawa.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Rangi za video huandikwa kwa mifumo mitatu: PAL, SECAM na NTSC. Televisheni ya Zaire ilitumia SECAM, kwa hiyo kaseti zilizorekodiwa hapa kutoka kwenye televisheni zinaweza kuwa SECAM. Zilizotumwa na ndugu wa Ubelgiji ni PAL, sawa na za Nairobi au Kampala. Za kutoka Marekani ni NTSC. Deki ya PAL peke yake huonyesha kaseti ya SECAM bila rangi, kwa sababu idadi ya mistari na ya picha kwa sekunde ni ileile, ila rangi zimeandikwa kwa namna nyingine. Mtu husema kaseti imekufa, kumbe ni nzima kabisa. Geuza deki usome maandishi ya nyuma: tafuta PAL, SECAM au MESECAM (namna nyingine ya kurekodi SECAM kwenye kaseti), na NTSC. Kuna mtego mmoja zaidi: SECAM ya deki za Ufaransa na MESECAM hazisomani rangi, kwa hiyo kaseti ya Paris inaweza kutoka nyeusi na nyeupe hata kwenye deki ya MESECAM. Kile kifaa kidogo cha USB cha kunasia picha, kinachounganisha deki na kompyuta, nacho hakikisha kinajua SECAM kabla hujakilipia pale mtaa wa Birere. Vingi vya bei ndogo vinajua PAL na NTSC tu.

Usafi wa deki. Chomoa kwenye priza, fungua kifuniko, na utaona ngoma ya chuma inayong'aa, imeinama kidogo: ndiyo inayobeba vichwa vya kusomea. Kata ukanda wa karatasi nyeupe ya kuchapia, upana wa vidole viwili, uulowanishe kwa alkoli ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Uweke juu ya ngoma bila kusukuma, uushike utulie, kisha kwa mkono mwingine uzungushe ngoma yenyewe kutoka juu. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Badilisha hadi itoke nyeupe. Usifute kamwe kwa kupanda na kushuka, na usitumie pamba ya masikio kwenye ngoma: vichwa ni vidogo mno, nyuzi zikivinasa huvivunja. Pamba itumie kwenye roli ya mpira na kichwa cha sauti. Ngoja dakika 15 pakauke.

Umeme: deki iwe kwenye onduleri (kifaa chenye batri kinachoendeleza umeme ukikatika), laptopu iwe kwenye batri yake. Faida ni mbili. Umeme ukikatika kazi haifi. Na ile mistari mipana inayopanda polepole kwenye picha mara nyingi huletwa na chaja, ukiichomoa hupotea. Umeme ukikatika wakati utepe uko ndani, usiuvute kwa mkono. Ukirudi, deki nyingi huukunja zenyewe.

Waya ya njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Kwenye kompyuta natumia programu ya kunasia video iitwayo VirtualDub: kwa kaseti za PAL na SECAM, picha 720 kwa 576, 25 kwa sekunde, sauti kHz 48, mbano wa HuffYUV, usiopunguza ubora. Saa moja hula takriban GB 30 hadi 40, na diski ya nje iwe imepangwa kwa mfumo wa NTFS, kwa sababu mfumo wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4. Ukitumia programu ya OBS, hifadhi faili kwa aina ya MKV na si MP4. MKV husomeka hata ikikatizwa.

Wakati wa kunasa, tazama kwenye programu kihesabu cha picha zilizopotea. Kikipanda, sauti na midomo vitaanza kuachana: utepe wa zamani hauendi kwa mwendo sawa, kifaa kinakosa picha huku sauti ikiendelea. Dawa ni kupitisha ishara ndani ya rekoda ya DVD kati ya deki na kompyuta, bila kurekodi. Panasonic DMR-ES10 na ES15 zinajulikana kwa kutuliza picha hivyo.

Diski ya GB 4.7 inabeba saa moja kwa megabiti 8 kwa sekunde, au saa mbili kwa takriban 5. Ndoa ya saa tatu igawe katika diski mbili, la sivyo picha itajaa vimraba, hasa watu wakicheza. Usiondoe mistari pacha ya picha (interlace), ile inayopishana kitu kikisogea. DVD inaipokea ilivyo. Panga DVD kwa programu ya DVDStyler, choma DVD-R kwa programu ya ImgBurn kwa kasi ya 4x, uruhusu ukaguzi mwishoni. Andika kwa kalamu laini isiyokwaruza, usibandike karatasi.

Kisha icheze kwenye DVD ya nyumbani kwa bibi au mjomba atakayeitazama, na uruke hadi dakika za mwisho. Diski huchomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na mbaya huanza kukwama huko.